Kiungo cha Ekzosi Kipimwe kwa Siku ya Kufunguliwa

Giaboksi ya lori inapoharibika katika barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Malaba, aghalabu kazi ya fundi haianzii kwenye giaboksi. Huanzia kwenye bomba la moshi, lile ambalo sote tumezoea kuliita ekzosi. Jambo hili huwashangaza watu wasiowahi kulala chali chini ya gari. Mwenye lori amekwisha kupiga hesabu ya gia zilizosagika, ya pleti ya klachi iliyolika na ya beringi inayolia. Hakupiga hesabu ya saa nyingi zitakazopotea katika kupigana na nati nne zilizoshikwa na kutu, au bomba ambalo fundi aliyetangulia alilichomelea tangu mwanzo hadi mwisho pasipo kuacha mahali hata pamoja pa kulifungulia.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na huenda msomaji akauliza mwalimu wa lugha anatafuta nini katika gereji. Jibu langu ni kwamba gereji ni mojawapo ya mahali ambapo Kiswahili hufanya kazi ngumu kila siku bila ya kusifiwa na mtu. Zaidi ya hayo, sarufi ya lugha hii inabeba funzo ambalo fundi mzuri analijua kwa mikono yake, ingawa pengine hajawahi kulitamka darasani. Funzo lenyewe ni hili: kiungo cha ekzosi hakipimwi kwa jinsi kilivyokaa siku kilipofungwa pekee, bali hupimwa pia kwa siku kitakapohitaji kufunguliwa.

Tuanze na sababu za ekzosi kuwa kizuizi. Moshi hutoka katika silinda za injini, ukakusanywa na manifoldi, ukapita kwenye turbo, kisha ukaingia katika bomba linaloteremka chini. Kutoka hapo hupita katika kipande kinachonyumbuka, ambacho mafundi hukiita fleksi, ukafika kwenye silensa na hatimaye ukatoka nje. Giaboksi nayo imefungwa nyuma ya injini. Sehemu yake ya mbele, iliyopanuka mfano wa kengele, huifunika klachi, na shafti yake ya mbele hupenya katikati ya pleti ya klachi. Kwa hivyo giaboksi haiwezi kushushwa moja kwa moja kama mtungi unaotuliwa kichwani. Ni lazima kwanza irudishwe nyuma kwa mstari ulionyooka mpaka shafti hiyo itoke kabisa, ndipo iteremshwe. Giaboksi ya lori kubwa huweza kuzidi kilo 250. Mzigo huo ukikwama kwenye bomba lililopita chini yake au ubavuni mwake, shafti huning'inia kwenye pleti na kuipinda. Hapo ubovu mmoja huzaa mwingine.

Si malori yote yaliyo hivyo. Yapo ambayo ekzosi yake hupanda wima nyuma ya kibanda cha dereva, au hukata upande mmoja karibu na injini na kuiacha njia ya giaboksi wazi. Ndiyo maana fundi mwenye busara hutangulia kutazama. Hufuata bomba kwa macho kutoka kwenye turbo hadi silensa, akajiuliza giaboksi itapita wapi, na ni kipande kipi hasa kinachoikinga njia. Mara nyingi kipande kimoja tu ndicho kinachostahili kutolewa. Kulifumua bomba zima kwa sababu ya kipande kimoja ni kujitafutia kazi, maana kila kiungo kinachofunguliwa huomba gasketi mpya na huweza kuvuja baadaye.

Hapa ndipo ninapoomba ruhusa ya kuingiza sarufi. Kiswahili kina kauli ambayo wanafunzi wetu huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakaisahau: kauli ya kutendua. Funga hutupa fungua. Ziba hutupa zibua. Bana hutupa banua. Chomeka hutupa chomoa, pachika hutupa pachua, na komea hutupa komoa. Katika kila jozi, kitenzi cha pili hukirudisha kitu katika hali kilivyokuwa kabla ya kitenzi cha kwanza. Hakivunji wala hakiharibu. Mlango uliofunguliwa unaweza kufungwa tena, na chupa iliyozibuliwa inaweza kuzibwa tena.

Sasa tukitazame kitenzi kuchomelea, au kulehemu kama wasemavyo wengine. Kinyume chake ni kipi? Mtu asiniambie ni kuchomoa, kwani kuchomoa ni kukitoa kilichochomekwa. Kilichochomelewa hakina kauli ya kutendua. Ukitaka kukitenganisha, itakubidi uazime kitenzi kingine kabisa, nacho ni kukata. Na kukata si kutendua. Bomba lililokatwa halirudi kama lilivyokuwa; limepungua urefu, na litahitaji kuchomelewa tena, na mwaka ujao kukatwa tena, mpaka libaki viraka vitupu. Ajabu ni kwamba hata kitenzi unga, chenye maana ya kuunganisha, ukijaribu kukitia kiambishi cha kutendua utakutana na ungua, neno linalotupeleka kwenye moto. Ni sadfa tu ya maumbo, lakini fundi aliyeshika tochi ya gesi chini ya bomba lililochomelewa hatakosa kutabasamu.

Kwa hivyo mwanafunzi wa ufundi anayetaka kanuni nyepesi ya kukumbuka na aishike hii: mahali ambapo bomba litahitaji kutolewa ili kazi nyingine ifanyike, chagua kiungo ambacho kitenzi chake kina kauli ya kutendua. Mahali ambapo halitahitaji kutolewa kamwe, chomelea bila ya wasiwasi.

Lakini kutendua nako kuna adabu yake. Ekzosi ya dizeli iliyo kazini huweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi karibu na manifoldi, na chuma hicho hubaki na joto la kuunguza kwa muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Basi hatua ya kwanza ni subira. Ya pili ni usalama wa mahali: lori lisimame kwenye ardhi tambarare na ngumu, magurudumu yatiwe kabari, na chesisi ikiinuliwa iegemezwe kwenye stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulaliwa chini yake. Waya wa betri uondolewe. Katika malori ya siku hizi, yenye vihisi vilivyopachikwa kwenye bomba ili kupima joto na gesi, vihisi hivyo vitolewe kwanza kwa utaratibu, na nyaya zake zitiwe alama. Kihisi kimoja kilichong'olewa kwa nguvu huweza kugharimu zaidi ya bomba lenyewe.

Hatua ya tatu ni kuishughulikia kutu. Hesi ya nati isafishwe kwa brashi ya waya, kisha itiwe mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa yapenye. Mafundi wazee huyatia jioni wakafungua asubuhi, na hawakosei. Nati inapokataa, usiikaze mkono kwa hasira. Ijaribu kidogo upande wa kukaza, kisha upande wa kulegeza, ili kutu ipasuke pole pole. Ikikataa bado, moto wa gesi unaoelekezwa kwenye nati huifanya itanuke na kuachia bolti. Hata hivyo, moto huo haufai kukaribia tangi la mafuta, nyaya za umeme, wala paipu za upepo wa breki. Kabla ya bolti ya mwisho kutoka, bomba liwe limeshikiliwa kwa kamba au kwa stendi. Bomba likiachwa lining'inie kwenye fleksi, mikunjo yake hupasuka, na ufa huo hautaonekana mpaka lori liwe limepakia tani zake na kushika mlima wa Mai Mahiu.

Na ikiwa hapana budi kukata, kwa vile fundi wa kwanza hakuacha njia nyingine? Hapo pana uamuzi unaomtofautisha fundi na mkataji. Kata mahali palipo mviringo kamili na pamenyooka, mbali na kona, mahali ambapo spana itafika siku nyingine, na ambapo kiungo kipya hakitagusa chuma kinachokingama kati ya mbavu mbili za chesisi. Usikate kwa tindo, kwani tindo hulipinda bomba na kuliharibia umbo. Tumia msumeno wa chuma au kifaa cha kukatia mabomba, kisha ulainishe kingo zake kwa tupa. Huko kukata kuwe ndiko kwa mwisho.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Viungo vya ekzosi vinavyopatikana kwa wauza vipuri ni vya namna nyingi, ila kwa ajili ya mjadala huu vinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni yubolti, yaani kibano chenye umbo la herufi U na tandiko lake. Bomba moja huingizwa ndani ya jingine kiasi cha sentimita tano hivi. La upande wa injini ndilo huingia ndani ya lile linalofuata ili moshi upite kwa urahisi, kisha yubolti ikabana. Sifa yake ni bei nafuu na kupatikana kila mahali. Aibu yake ni kwamba hubana kwa kuponda. Mabomba yote mawili hupata mfereji mmoja, na ukiisha kuondoa yubolti, bomba la ndani hukataa kuchomoka. Kwa jina ni kiungo cha kubana na kubanua, lakini kwa vitendo mara nyingi huishia kwenye msumeno. Kinafaa nyuma ya silensa, mahali ambapo hakuna anayehitaji kupita. Kwenye njia ya giaboksi, kiepukwe.

Kundi la pili ni bendi pana, ambayo hulizunguka bomba lote kama mkanda na kubana kwa usawa. Hii hailipondi bomba, na kwa kawaida huachia vipande viwili bila ya kuvijeruhi. Bei yake iko juu kidogo, na ni busara kufunga bendi mpya kila mara kiungo kinapofunguliwa. Kwa bomba lililonyooka linalohitaji kutolewa mara kwa mara, ni chaguo jema.

Kundi la tatu ni flanji. Sahani mbili za chuma huchomelewa kwenye ncha za mabomba mawili, gasketi ikawekwa kati, na bolti mbili, tatu au nne zikazifunga. Flanji zikiwa bapa, hudai mabomba yaelekeane sawasawa. Zipo nyingine zenye umbo la mpira na kikombe, ambazo huruhusu mabomba kukutana kwa pembe kidogo bila ya kuvuja. Flanji ni kiungo cha heshima. Hufungwa na kufunguliwa mara nyingi, mradi gasketi ibadilishwe na bolti zisiachwe zioze. Ili zisioze, hesi ipakwe grisi maalumu ya shaba inayostahimili joto, na zitumike nati zilizopakwa shaba, kwa kuwa hizo haziungani kwa kutu na chuma cha bolti.

Kundi la nne ni kibano cha umbo la V. Ncha mbili za bomba zina midomo iliyoinuka, na kibano chenye mfereji wa V huikumbatia midomo hiyo na kuivuta pamoja kwa bolti moja tu. Hutumiwa sana pale bomba linapotoka kwenye turbo, mahali penye nafasi finyu na joto kali. Bolti moja ikifunguliwa, bomba huachia. Ni kiungo chepesi mno kutendua, lakini kina masharti yake: midomo iwe safi na ielekeane barabara, na kibano kikaguliwe kama kina ufa kabla ya kurudishwa.

Juu ya makundi haya manne pana kuchomelea. Mwenye lori atasema, na ana haki ya kusema, kwamba kuchomelea ni rahisi, hakuvuji, na fundi wa jua kali hukumaliza kabla ya chai kupoa. Lori lililosimama haliingizi chochote, na mzigo bandarini haungoji. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mtu anayeishi kwa kipato cha safari moja hadi nyingine hawezi kuhubiriwa habari za mwaka ujao bila ya kuonyeshwa hesabu.

Basi hesabu na ifanywe. Kuchomelea hakulazimiki kuwa adui wa kufungua. Flanji yenyewe huwekwa kwa kuchomelewa. Fundi yule yule, kwa mashine ile ile, anaweza kuchomelea flanji mbili badala ya kuchomelea mabomba mawili uso kwa uso. Kinachoongezeka ni bei ya sahani mbili, gasketi moja na bolti chache, pamoja na muda usiozidi sana ule wa kwanza. Kinachookolewa ni siku nzima ya kukata na kuunga klachi itakapokwisha tena, na klachi ya lori la masafa marefu haikosi kwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Hapa tungeongeza kwamba usipoacha njia ya kufungulia, utavunja ukuta mzima.

Ipo sababu nyingine ya kutochomelea bomba zima, nayo inatokana na tabia ya chuma. Injini imekalishwa juu ya mipira, nayo hutikisika na kujipinda kila dereva anapokanyaga mafuta au kubadilisha gia. Silensa kwa upande wake imefungwa kwenye chesisi. Kitu kimoja kinacheza, kingine kimetulia, na bomba limeshikwa katikati. Fauka ya hayo, chuma hutanuka kinapopata moto. Bomba la chuma la mita tatu, joto lake likipanda kwa nyuzi 300, hurefuka kwa milimita 11 hivi, karibu upana wa kidole kidogo. Urefu huo usipopata pa kwenda, husukuma. Husukuma manifoldi, husukuma turbo, na hatimaye hupasua chuma mahali palipo dhaifu, ambapo kwa kawaida ni pembeni mwa mshono wa kuchomelea. Kwa sababu hiyo fleksi haikuwekwa pale kama pambo. Fundi anayeitoa fleksi iliyochoka na kuweka bomba kavu mahali pake ameondoa kilio cha leo na kupanda ufa wa kesho.

Kuhusu bomba lenyewe, neno moja la tahadhari lawatosha wanafunzi. Katika karakana zetu, mabomba ya maji yaliyopakwa zinki wakati mwingine hugeuzwa kuwa ekzosi kwa kuwa yako karibu na bei yake ni nafuu. Zinki inapochomwa hutoa moshi mweupe ambao humtia fundi homa, kutetemeka na maumivu ya mwili baada ya saa chache. Bomba la chuma lililopakwa alumini, au la chuma cha pua chenye kromu ya asilimia 11 hivi, ndilo lililokusudiwa kazi hii. Na kabla ya kuchomelea chochote katika lori lenye kompyuta, betri itenganishwe, la sivyo umeme wa mashine huweza kuiharibu kompyuta hiyo.

Mtu anaweza kuuliza kama mambo haya yote si ya ufundi tu, yasiyomhusu mwalimu wala mwanafunzi wa kidato. Yanamhusu kila mtu mwenye mapafu. Ekzosi ipo ili kuuchukua moshi kutoka kwenye injini na kuutoa mbali na pua za watu. Kiungo kinachovuja chini ya kibanda huurudisha moshi huo kwa dereva na utingo wake. Ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kweli, dizeli hutoa gesi hiyo kwa kiasi kidogo kuliko petroli. Lakini dereva anayelala ndani ya kibanda usiku, injini ikinguruma, madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi, hapaswi kubahatisha kiasi. Tena mnamo Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kiungo kilichofungwa vibaya, basi, si kelele tu wala hasara ya mafuta. Ni afya ya mtu.

Kwa hivyo kazi haimaliziki bolti ya mwisho inapokazwa. Injini iwashwe ingali baridi, na maji ya sabuni yapakwe kwenye viungo. Mapovu yatamwonyesha fundi mahali panapovuja. Baada ya safari ya kwanza, chuma kikiwa kimepata moto na kupoa, nati zikaguliwe tena, kwani nyingine hulegea. Na baada ya majuma kadhaa, tafuta masizi. Mstari mweusi karibu na gasketi ni ushahidi usiohitaji shahidi wa pili.

Nimetaja maneno mengi katika makala haya: ekzosi, giaboksi, flanji, gasketi, fleksi, silensa, yubolti. Msomaji mkali wa lugha huenda ameguna akisema kwamba hayo ni maneno ya kuazimwa. Ni kweli, lakini yameshaoga na kuvaa nguo za nyumbani. Kila moja limepata irabu ya mwisho, limeingia katika ngeli yake, na linakubali kutawaliwa na sarufi yetu: flanji imepinda, gasketi zimeungua, yubolti ile ilegezwe. Pembeni mwake yamesimama maneno yetu ya siku nyingi yanayofanya kazi bila ya msaada: kutu, masizi, hesi, kabari, tindo, tupa, bana, legeza, kaza, zibua. Fundi wa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na mwenzake wa Mariakani huelewana kwa maneno haya bila ya mkalimani.

Tatizo lipo kwingine. Kijana anayesomea ufundi wa magari chuoni hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Anapokwenda kujifunza kazi, hukuta amri zote ni za Kiswahili. Anajua jina la kiungo katika kitabu lakini hamwelewi fundi anapomwambia akibanue. Au anajua kukibanua, lakini hawezi kuandika sentensi moja ya kueleza alichokifanya. Maarifa yamegawanyika mara mbili, nusu kwenye karatasi na nusu kwenye mkono, na daraja la kuyaunganisha halijengwi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Urasmi huo hautatimia kwa hotuba za sikukuu. Utatimia siku ambapo taratibu za kutoa ekzosi ya lori zitapatikana zimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, kinachoeleweka, na zikabandikwa kwenye ukuta wa karakana.

Walimu wa Kiswahili wana nafasi yao hapa. Katika uandishi wa kiuamilifu tunawafundisha wanafunzi kuandika maelekezo, na mara nyingi tunawapa mada ya kupika chai au kumfikisha mgeni shuleni. Mada hizo si mbaya. Hata hivyo, mwalimu anaweza kumtuma mwanafunzi katika gereji iliyo karibu, amsikilize fundi kwa heshima, aandike hatua zake kwa mfuatano, kisha arudi darasani azipange kwa vitenzi vya amri na viunganishi mwafaka. Mwanafunzi huyo atajifunza kauli ya kutendua kwa macho yake. Ataona pia kwamba maelekezo mabaya hayamkoseshi mtu alama pekee. Humwangushia mtu chuma kifuani. Na fundi aliyesikilizwa atajua kwamba maneno yake yana thamani kwa wenye vitabu.

Wenye malori nao wasisahau sehemu yao. Fundi hufanya kile anacholipiwa. Akilipwa kwa kasi tu, atachomelea. Akiulizwa swali moja kabla ya kuwasha mashine yake, "Bwana fundi, hapa patafunguliwaje siku nyingine?", atatafuta flanji. Swali hilo halina gharama yoyote, na anayenufaika nalo ni mtu ambaye huenda fundi hatamwona kamwe, yule atakayelala chini ya lori hilo katika mji mwingine, miaka mitatu kutoka sasa, spana mkononi, akitafuta mahali pa kuanzia.